Nanga Iliyokatazwa Bonaire

Miongoni mwa visiwa vya Karibi vinavyopata riziki kwa wageni waingiao baharini, Bonaire si kikubwa wala fukwe zake si za kutajwa. Ni kisiwa kikavu cha mawe, chumvi na mipungate, kisichofika kilomita za mraba 300, kilichoko kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya pwani ya Venezuela, na ambacho tangu Oktoba 2010 kimekuwa manispaa maalumu ya Uholanzi. Walakini wazamiaji wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakikiendea kwa zaidi ya nusu karne, na matumbawe yake, ijapokuwa yamepatwa na misiba, yamedumu vizuri kuliko ya visiwa vingi jirani. Sifa ya kisiwa hiki husimuliwa sana, ilhali taratibu za kazi zilizoizaa sifa hiyo husimuliwa kidogo, na hizo ndizo ninazokusudia kuzichambua hapa. Kwani naamini kwamba Bonaire ilifaulu kwa kuwa iliweka sheria zake ndani ya vyombo ambavyo mgeni hana budi kuvishika kwa mkono wake mwenyewe.

Tuanze na upepo. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tumezoea bahari yenye hali mbili kwa mwaka, kaskazi ikija na kusi ikiugeuza mwelekeo, hata ufuo uliokuwa shwari mwezi wa Januari ukapigwa na mawimbi mwezi wa Julai. Bonaire haina mageuzi hayo. Upepo wake huvuma toka mashariki karibu mwaka mzima, na kwa sababu hiyo pwani ya mashariki ni goshini daima, yenye mawimbi mazito na hatari, na pwani ya magharibi, ulipo mji wa Kralendijk na kisiwa kidogo cha Klein Bonaire mbele yake, ni demani daima, maji yakiwa yametulia na kuonekana mpaka chini. Mvua ni haba na mito haipo, basi tope halishuki baharini kuyatia maji giza. Na mwamba wa matumbawe umejishikiza ufukoni kabisa, mtu akiogelea masafa mafupi tu kabla sakafu haijaanza kuteremka kutoka kina cha mita 10 hivi kwenda 30 na zaidi. Mara chache tu utaratibu huu umevunjika, kama Novemba 1999, tufani Lenny ilipokwenda kinyume cha ada, toka magharibi kwenda mashariki, ikaupiga mwamba wa demani kwa mawimbi ambayo haukuyazoea.

Neema hii ya maumbile ilikuwa na hatari ndani yake. Maji yakiwa shwari kila siku, mashua zitakwenda kila siku. Na mahali penye uzuri pakijulikana, mashua zote zitakwenda pale pale. Nanga haiharibu kwa kuanguka tu. Ikianguka huvunja, ikikokotwa hulima mfereji, na hata ikishika sawasawa mnyororo wake hubaki ukifagia duara la mwamba kila mashua inapogeuka kuufuata upepo. Tumbawe la jabali, lile lijengalo vichwa vikubwa vya mviringo, hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, hivyo kichwa chenye kimo cha mita 1 ni kazi ya karibu miaka 100, na mnyororo hauhitaji hata asubuhi moja kukiangusha. Ukizidisha hesabu hiyo kwa mashua kadhaa, kila siku, juu ya mwamba mwembamba ulioganda ufukoni, utaona kwamba biashara ya uzamiaji ingeweza kuila rasilimali yake katika umri wa mtu mmoja.

Mmoja wa walioliona jambo hili mapema alikuwa Don Stewart, Mmarekani aliyefika kisiwani mwaka 1962 kwa merikebu yake Valerie Queen, akawa mwanzilishi wa biashara ya uzamiaji pale na mtetezi mkali wa maboya ya kudumu badala ya nanga. Wazo ni jepesi kulisema: chombo kisishike chini kwa nanga yake, bali kishike boya ambalo amari yake imekwisha kufungwa chini na watu wenye maarifa. Ugumu uko katika kufunga huko. Jiwe la saruji likiwa jepesi mno hutambaa wakati wa dhoruba, likawa nalo ni nanga nyingine, tena kubwa zaidi. Kwa hiyo mbele ya Kralendijk, mahali pa kufunga vyombo vya matanga vya wageni, yaliwekwa matofali mazito ya saruji chini ya maji, na kutia nanga kukakatazwa. Kwenye mwamba wenyewe, njia iliyoenea katika Karibi ni ile iliyobuniwa Florida mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mwanabiolojia John Halas: mzamiaji huchagua mahali pasipo na tumbawe hai, hutoboa tundu katika mwamba mfu kwa keekee ya nguvu, hutia humo pini ya chuma kisichoshika kutu yenye pete kichwani, kisha huiganda kwa saruji. Kamba ipandayo toka kwenye pete si mnyororo, bali ni kamba inayoelea, isiyolalia kitu. Nahodha huifikia kwa boya, na chombo hugeuka na upepo pasipo chochote kugusa sakafu. Katika Bonaire kutia nanga kumekatazwa pwani nzima, isipokuwa kwa dharura, na kwa vihori vidogo vya wavuvi vitumiavyo nanga ya jiwe. Nausifu msamaha huo, kwa sababu unatambua kwamba mvuvi mwenye kihori hakuwa asili ya shida.

Lakini boya nalo lina ila yake. Kamba huota mwani, huchakaa kwa jua na kwa msuguano, na boya lisilokaguliwa siku moja litaachia chombo kiende mwambani. Kwa hiyo maboya yanataka mafundi, mashua na fedha kila mwaka. Hapa ndipo hadithi ya Bonaire inapokuwa na funzo la kiufundi kuliko mahali pengine. Sheria zilitangulia: viota na mayai ya kasa vililindwa mwaka 1961, kuvua kwa mkuki kukakatazwa mwaka 1971, na kuchukua matumbawe, yawe hai au mafu, mwaka 1975. Mwaka 1979 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari, kwa msaada wa tawi la Uholanzi la shirika la WWF na kwa kazi ya mwanabiolojia Tom van 't Hof, ikizunguka kisiwa chote toka alama ya maji makuu mpaka kina cha mita 60, takriban hekta 2,700. (Pwani yetu ilikuwa imetangulia: hifadhi za Malindi na Watamu nchini Kenya ziliasisiwa mwaka 1968.) Msaada ulipokwisha, wasimamizi wakaondoka, na kwa miaka kadhaa ya muongo wa 1980 hifadhi ikabaki katika karatasi. Sheria zote zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kubadilisha kamba.

Ilipofufuliwa mwaka 1991, waliopewa dhamana walikusudia isilale tena, na mwaka 1992 ikawekwa ada ya dola 10 kwa kila mzamiaji kwa mwaka, fedha zikienda kwa wasimamizi wa hifadhi, yaani taasisi ya STINAPA, badala ya kupotelea katika mfuko mkuu wa serikali. Mlipaji alipewa beji ya plastiki ya kufunga kwenye vifaa vyake. Ni kitu kidogo, lakini tazama kilivyofanya kazi: mzamiaji asiye na beji alikosa kupewa mtungi, na wenye vituo vya uzamiaji, ambao baadhi yao walihofu kwamba ada itawafukuza wageni, wakajikuta ndio wakaguzi bila hifadhi kulazimika kuajiri askari wengi. Hofu yao ilitanguka upesi. Uchunguzi wa Dixon, Scura na van 't Hof, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba wageni wengi walikuwa tayari kulipa zaidi ya hizo dola 10. Na kweli ada ilipanda kuwa dola 25 mwaka 2005, na tangu mwaka 2023 ni dola 40 kwa kila mgeni anayeingia majini, awe mzamiaji, muogeleaji au mpanda ubao wa tanga.

Uchunguzi ule ule ulileta jambo la pili, na kwangu ni zito kuliko la kwanza. Wataalamu hao walikadiria kwamba kituo kimoja cha mwamba huvumilia kiasi cha mizamio 4,000 hadi 6,000 kwa mwaka, na kikipitishwa hapo matumbawe huanza kupungua kwa dhahiri. Maana yake ni kwamba boya linaloondoa dhara la nanga hukusanya miguu ya watu mahali pamoja. Dawa yake ni kuwatawanya, na Bonaire iliwatawanya kwa njia mbili: kwa kuwa na vituo vingi, vinavyopita 80 ukichanganya na vya Klein Bonaire, na kwa mawe ya manjano. Mawe hayo yamewekwa kando ya barabara ya pwani, kila moja limeandikwa jina la kituo. Mgeni hukodi pikapu, hupakia mitungi, husimama penye jiwe alitakalo, huvaa na kuingia kwa miguu. Hangoji ratiba ya mashua, wala halazimiki kwenda walikokwenda wenzake. Sijui njia nyingine ya kugawa umati isiyogharimu zaidi ya rangi na mawe. Aidha, sehemu mbili za pwani ya kaskazini-magharibi hazizamiwi kabisa, ili pawe na mwamba wa kulinganishia na ule utumikao.

Sasa tuje kwenye mwili wa mzamiaji mwenyewe, maana hapo ndipo palipo na ufundi mwingi na maandishi machache. Mgeni yeyote, hata awe na vyeti vya miaka ishirini, sharti aanze kwa mzamio wa kujipima mahali palipotulia. Sababu ni ya fizikia. Mtu aliyezoea kuzamia ziwani akija baharini hubebwa na maji zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa kiasi cha asilimia 2.5, na kwa mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100, tofauti hiyo ni risasi ya kilo 2.5 ya kuongeza mkandani. Anayetoka nchi ya baridi naye huja na hesabu ya vazi nene la mpira, ilhali hapa atavaa jembamba linaloelea kidogo, basi mkanda wake wa kwao utamzamisha kupita kiasi. Zaidi ya hayo, hewa iliyo katika mtungi wa kawaida ina uzito wa kilo 2 na nusu au zaidi, nayo hupungua kadiri anavyovuta pumzi, kwa hiyo aliyesawazika mwanzoni ataanza kupanda mwishoni. Asiyezipima hesabu hizi atauparamia mwamba kwa magoti, au ataushika kwa mkono asipande. Na kwa ajili ya mkono huo glavu zimekatazwa: mkono mtupu unaogopa kuchomwa na kukatwa, hivyo hautamani kushika. Katika kanuni zote za kisiwa hiki hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haimhitaji mlinzi hata mmoja chini ya maji.

Upande wa goshi kuna ghuba ya Lac, ambayo nitaitaja kwa ufupi. Mdomo wake umezibwa na mwamba unaovunja mawimbi, ndani maji ni ya kiunoni, na kwa kuwa ghuba inatazama mashariki, upepo humsukuma mwenye ubao wa tanga kuelekea ndani, si nje baharini. Mwanafunzi akianguka husimama, akatembea mpaka ufukweni. Katika maji hayo alilelewa Kiri Thode, bingwa wa dunia wa michezo huru ya ubao wa tanga mwaka 2013. Mikoko na nyasi za bahari za Lac ni malezi ya samaki na malisho ya kasa, na kukanyagwa na wageni ni mashaka ambayo hayajapata dawa nzuri kama ile ya boya.

Jambo moja linaugusa ukoo wa bahari yetu. Samaki-simba, mwenye michirizi na miiba ya sumu, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Bonaire mwaka 2009, akiwala samaki wadogo wasiomjua. Kisiwa kilichokataza mkuki tangu 1971 kikalazimika kulegeza, lakini kwa masharti: mkuki mfupi wa namna maalumu, na ruhusa kwa waliofunzwa peke yao. Wazamiaji, waliokuwa watazamaji, wakawa wawindaji kwa idhini, na mahali palipozamiwa sana samaki huyo akapungua.

Yapo mambo ambayo boya na beji haziyafikii. Maji machafu ya hoteli na nyumba yalikuwa yakipenya ardhini miaka mingi kabla ya kiwanda cha kuyasafisha kujengwa katika miaka ya 2010, na rutuba hiyo huwapa mwani nguvu juu ya matumbawe. Mwaka 2023 ukaja ugonjwa unaoyayeyushia matumbawe ngozi hai, na mwaka huo huo joto la bahari likayapausha. Baadhi ya vituo vilifungwa kwa muda, na wazamiaji wakaagizwa kusafisha vifaa kwa dawa baina ya mzamio na mzamio. Agizo likawafikia kupitia vituo vile vile vya uzamiaji vinavyokagua ada na kusimamia mzamio wa kwanza. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya ada hiyo ielekezwe nchi kavu, kwenye mabomba na mashimo ya majitaka ya nyumba zilizo karibu na ufuo, kwa kuwa dhara la nanga limekwisha kudhibitiwa, na la majitaka bado.