Hadithi ya Mtu wa Mahuta na Mtungi Usiotajwa

Katika hadithi zisimuliwazo juu ya asili ya Wamakonde, hapana iliyofika mbali kuliko ile ya mtu wa Mahuta. Karl Weule, bwana wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka nchi ya Masasi na Newala mwaka 1906, akaitia hadithi hiyo katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1908. Mwaka uliofuata Alice Werner akakifasiri kwa Kiingereza, na kwa lugha hiyo wengi wetu tumekipata. Tangu hapo wengi wameitaja hadithi hii, lakini walioipima ni wachache. Yafaa tuipime, kwa kuwa hadithi iingiayo darasani bila kupimwa hufundisha nusu ya jambo, na nusu ya pili huachwa ipotee.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Zamani Mahuta palikuwa kichaka kitupu. Katika kichaka hicho alitokea mtu asiyeoga wala kunyoa, mwenye kula na kunywa kidogo sana. Akachonga mti mfano wa mwanadamu, akausimamisha penye makao yake, na usiku ule mfano ukapata uhai, ukawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mpaka mto Ruvuma ili waoge. Huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakapita nchi ya juu mpaka bonde la Mbemkuru. Huko pia akazaa mtoto mfu. Ndipo waliporudi Mahuta juu, na mtoto wa tatu akazaliwa mzima, akakua. Kwa hiyo wazee wakawaagiza watoto wao wajenge mahali pa juu, wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko ndiko kwenye ugonjwa na mauti.

Wasomaji wameifasiri kwa njia mbili. Wa kwanza huishika ile habari ya kuchonga, wakaifanya sifa ya mafundi; ndiyo sababu siku hizi hutajwa sana mahali vinyago vinapouzwa. Wa pili huishika habari ya watoto wafu, wakaifanya kanuni ya afya. Ronald Ross alionyesha huko Bara Hindi mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukaa katika mbu, na mbu hupenda penye maji. Basi, husema hao, Wamakonde waliijua habari hii kwa kuonja kabla ya wataalamu kuijua kwa darubini. Fasiri zote mbili zina kweli ndani yake. Lakini ya kwanza yasahau kwamba kinyago ni mwanzo wa hadithi tu, wala si mwisho wake. Ya pili yasahau kwamba hadithi haikumalizika kwa dawa, imemalizika kwa amri ya makao. Ni hadithi ya ardhi kabla ya kuwa hadithi ya kitu kingine.

Tuangalie neno lenyewe. Mswahili wa pwani asemapo konde, ataka kusema shamba, mahali palipolimwa. Juu ya uwanda likonde husemwa kuwa ni mahali penye kichaka kizito. Msomaji wa haraka ataona maneno haya yapingana. Mkulima wa Newala hataona hivyo, kwa sababu katika ukulima wake kichaka na shamba ni kitu kimoja katika nyakati mbili. Wakati wa kiangazi hufyeka, akaacha majani na matawi yakauke, kisha huchoma. Mvua zikianza hupanda mtama, mahindi, mbaazi na mhogo. Baada ya miaka michache nguvu ya udongo hupungua, naye huliacha shamba, akaenda kufyeka mahali pengine. Na pale alipoacha kichaka humea tena, kikarudisha nguvu iliyotumika. Wageni wengi wakiona moto ule wamesema ni uharibifu. Wangalikaa miaka ya kutosha wangaliona kwamba kichaka kilichoachwa ndicho ghala ya mkulima. Clement Gillman, aliyeijua sana nchi ya Tanganyika na maji yake, aliona jambo hili lastahili kuandikiwa makala nzima mwaka 1945.

Tena tuangalie sheria ya zamani. Mtu aliyetangulia kufungua kichaka ndiye aliyekuwa mkulungwa wa chirambo chake, na waliokuja nyuma walipata mashamba kwake. Basi yule mtu asiyenyoa, aliyetokea kichakani peke yake wakati hapajawa na mtu mwingine, ni nani kama si mkulungwa wa kwanza? Kwa kauli hii hadithi ni kama hati: yasema nchi ni ya nani, na kwa sababu gani.

Hata hapa twaisifu hadithi. Sasa tuseme kasoro yake.

Uwanda wa juu wa Makonde ni nchi ya mchanga. Mvua hunyesha ya kutosha kwa mazao, lakini maji huzama, wala hapana mto upitao juu. Chemchemi hutoka chini, pembeni mwa uwanda. Asimamaye Newala, ukingoni pale paitwapo Shimo la Mungu, huona kwa jicho moja bonde lote la Ruvuma chini yake. Na ajuaye desturi ya nchi atajua pia kwamba njia ile ya kushukia ndiyo njia ya mtungi. Vizazi kwa vizazi wanawake na wasichana walishuka usiku wa manane, wakangoja zamu chemchemini, wakapanda tena na mzigo kichwani jua limekwisha kuwa kali. Maji ya kuoga yalikuwa anasa. Mtu asiyeoga, mwenye kunywa kidogo, si kiumbe cha ajabu: ni picha ya kweli ya mwenye kukaa juu.

Katika hadithi wale wawili walishuka mtoni kuoga, na hapo maji yameletwa kama mlango wa mauti. Hadithi haisemi walikunywa nini baada ya kurudi Mahuta, wala nani aliyeshuka kuyateka. Mume alipewa kichaka, watoto wakapewa uhai, bali mtungi haukutajwa. Wala mwanamke hana neno lake hata moja. Jambo hili lashangaza katika watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama: mama wa wote amefanywa wa mti, hana mama, hana kaka, hana wa kumsemea. Hadithi inayoweka haki ya ardhi imenyamaza juu ya bei yake, na juu ya yule aliyeilipa.

Tena sababu yake moja haitoshi. Si ugonjwa peke yake uliowafukuza watu mabondeni. Misafara ya watumwa ilipita chini kwenda Lindi na Mikindani. Na mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliipiga Masasi, mji uliokaa nchi ya chini tangu Askofu Steere alipowaweka pale watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Baada ya hapo wengi waliosalia walikimbilia Newala. Kichaka kilikuwa boma, na kiu ilikuwa ada ya boma lile.

Kwamba mambo haya si ya kale tu, historia yaonyesha. Katika miaka ya 1950 mitambo ililetwa kupandisha maji kutoka chini mpaka juu, na watu wakaona kwamba amri ya wazee na maji vyaweza kukaa pamoja. Siku hizi nyumba nyingi huvuna maji ya mvua ya paa katika visima vya saruji. Mikorosho nayo ilienea, ikaleta fedha. Lakini mkorosho hukaa miaka mingi, nao umeshika pale kichaka kilipopumzikia. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, mikorosho mingi iliachwa mbali na wenyewe, kichaka kikairudia. Ardhi bado yadai pumziko lake, na mtungi ungali na mbebaji.

Hukumu yetu basi ni hii. Hadithi ya mtu wa Mahuta ni njema, na mwalimu asiione haya kuisoma mbele ya watoto. Lakini asiikome hapo ilipokoma. Imetufikia kwa lugha za kigeni, na maneno yake ya Kimakonde hayakutufikia pamoja nayo. Kwa hiyo ye yote akaaye Newala, Mahuta au Masasi na aiulize tena, aiandike kwa maneno yale yale ya msimulizi. Wala asiwaulize wazee wanaume peke yao. Akamwulize bibi aliyewahi kushuka chemchemini: yule mwanamke wa mti alipoamka, siku ya pili alikwenda wapi?