Timu Yetu Ilikaa Kwenye Kadi ya MB 8

Mwaka 2011 timu ya mtaa wetu hapa Newala ilicheza na Barcelona ikashinda. Kipa alikuwa fundi baiskeli. Namba tisa alikuwa kijana aliyeuza maji kwa madumu, na kasi yake ilikuwa 95. Gemu lenyewe lilikuwa PES 6 la Konami, la mwaka 2006. Timu yetu iliingizwa humo na mwenye banda, jina moja baada ya jingine, kwa pedi, usiku baada ya wateja kuondoka.

Wengi wanaikumbuka PES 6 kwa mashuti ya Adriano. Mimi naikumbuka kwa pengo lake. Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya klabu nyingi za Ligi Kuu ya England. Arsenal na Manchester United zilibaki na majina yao, lakini Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Kulikuwa na sehemu ya kuhariri, na wachezaji dunia nzima waliitumia kurudisha majina halisi. Mwenye banda letu naye aliirudisha Chelsea, kisha akajiuliza kinachomzuia kuandika Newala ni nini. Hakikuwepo. Pale miliki ya watu ilipoacha nafasi wazi, sisi tukaingia.

Sitajifanya msafi. Diski ile ilikuwa kopi, ilipanda na basi kutoka Masasi, na PS2 yenyewe ilikuwa imechokonolewa na fundi ili isome kopi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lile banda lilikuwa kosa lenye mlango na mabenchi. Ndiyo maana nasoma kwa hisia mbili madai ya kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024. Ubisoft ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi mwaka huo, na gemu ambalo watu walilinunua kwa fedha zao likaacha kufanya kazi, hata kwa aliyecheza peke yake. Kampeni inadai kwamba kampuni ikiacha kulihudumia gemu, iliache katika hali ya kuchezeka. Nakubaliana nayo. Ila hoja yake kubwa inasimama juu ya risiti: nimelipa, msininyang'anye. Newala nani ana risiti?

Hata hivyo, wenye risiti nao hawako salama. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayauzwi tena kihalali. Anayeyataka atafute diski kuukuu, au kopi. Kwa maneno mengine, kosa la banda letu ndilo limekuwa maktaba ya magemu mengi kuliko sheria inavyopenda kukiri. Kopi haikuomba ruhusa kwa mtu, na ndiyo sababu ilidumu.

Mrithi wa PES, eFootball, alikuja mwaka 2021. Ni bure, na wadogo zangu wanaicheza kwenye simu chini ya mikorosho. Inapendeza kuliko PES 6, sibishi. Lakini kila kitu kinakaa kwenye seva ya mwenye mali. Hakuna kadi ya kuchomoa ukaondoka nayo. Siku Konami ikichoka, hakutakuwa na diski ya kupandishwa na basi, iwe halali au haramu. Bei ya bure ni kwamba hushiki kitu.

Ningeweza kuishia hapa, kampuni ikabeba lawama zote. Lakini timu yetu haikufutwa na Konami. Mwaka 2013 Neymar alihamia Barcelona. Banda la mtaa wa pili likaleta kutoka Masasi toleo lililohaririwa, usajili mpya wote umo. Sisi tukagoma: hatuwezi kulipa shilingi 200 kucheza na Barcelona isiyo na Neymar. Mwenye banda akaleta toleo hilo. Kadi ya PS2 ina MB 8, ilikuwa imejaa, akauliza afute lipi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele: futa la zamani. La zamani ndilo lilikuwa na sisi.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta na kwenda nayo Ujerumani. Alikuja chini ya kivuli cha ukoloni, na alituangalia kwa macho ya ukoloni. Lakini nta ile ilidumu kwa sababu kuna mtu aliyeamini kwamba sauti za huku zinastahili kuwekwa. Sisi tulikuwa na mashine yetu wenyewe, tukaandika wenyewe, na hatukuamini.

Ndiyo maana naona kudai haki kwa kampuni ni nusu ya kazi. Mchezaji anayetaka kila msimu kipya, na anayeona cha jana ni takataka, anaifanyia kampuni kazi yake bila mshahara.

Likizo iliyopita nilienda kwa mwenye banda. Siku hizi anatengeneza simu. PS2 ipo juu ya kabati, lenzi imekufa.

"Kaka, ile kadi?"

"Ipo, mdogo wangu. Ina Neymar."

Tukakaa tukajaribu kuipanga timu kwa kichwa. Kipa hakuna ubishi. Namba tatu tulibishana mpaka mteja akaja na kuondoka. Tulifika majina tisa. Nimeyaandika kwenye daftari, na mawili yaliyobaki bado nayaulizia mtaani.