Ikirari ya Tasnifu na Jina katika Makala: Uhakiki wa Uandishi-wenza na Utajaji wa Taasisi baada ya Uzamivu

Ikisiri

Makala hii inahakiki desturi mbili zinazojitokeza pale tasnifu ya uzamivu katika taaluma za Kiswahili inapogeuzwa kuwa makala za jarida. Ya kwanza ni kumweka msimamizi kuwa mwandishi mwenza kwa sababu tu alisimamia. Ya pili ni kutaja chini ya jina la mwandishi taasisi ambayo haikuhusika na utafiti. Hoja kuu ni kwamba ikirari anayoitia saini mtahiniwa haikomi siku ya mahafali, bali inaendelea kuzifunga makala zote zinazochotwa katika tasnifu. Hoja hiyo inajengwa kwa kurejelea tamati za tendi, historia ya uchapishaji wa Desturi za Wasuaheli, na miongozo ya uchapishaji ya wakati huu.

1. Utangulizi

Tasnifu ya uzamivu ikishatetewa na kutiwa jalada gumu, husomwa na wachache. Wanataaluma wengi huifahamu kupitia makala mbili au tatu zinazochotwa katika sura zake. Kwa mhitimu, makala hizo ndizo zinazomfungulia mlango wa ajira, wa kupandishwa cheo na wa kutambuliwa na wenzake. Kwa hiyo, mstari mfupi ulio chini ya anwani ya makala, wenye jina la mwandishi na taasisi yake, una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana.

Mstari huo una utata. Makala iliyotokana na sura moja ya tasnifu huweza kuonekana ikiwa na majina mawili, la mhitimu na la msimamizi, na pengine la msimamizi ndilo la kwanza. Huweza pia kutaja chuo kilichomwajiri mhitimu juzi, ilhali utafiti wote ulifanyika chini ya chuo kingine. Makala hii inazungumzia tasnifu za isimu na fasihi ya Kiswahili, ambazo kwa kawaida ni kazi ya mtu mmoja aliyekwenda uwandani mwenyewe, akakusanya data na kuzichambua. Sayansi za maabara, ambamo watu wengi hushiriki jaribio moja, zina mazingira yake na hazihusiki hapa.

2. Ikirari na Uthibitisho

Tasnifu za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hutanguliwa na kauli mbili ambazo wasomaji huzipita haraka. Kauli moja ni ikirari, ambayo vyuo vingine huiita tamko au ungamo. Hapo mtahiniwa hutamka kwamba kazi ni yake halisi na haijawasilishwa kwingine kwa ajili ya shahada. Kauli nyingine ni uthibitisho, ambamo msimamizi hueleza kwamba ameisoma tasnifu na anapendekeza itahiniwe. Mmoja anasema ameandika. Mwingine anasema amesoma. Chuo hutoa shahada kwa kuamini kwamba vitenzi hivyo viwili vimetumika kwa maana zake za kawaida.

Sasa tuchukue sura moja ya tasnifu hiyo, ifupishwe na kupelekwa jaridani ikiwa na majina mawili. Ikiwa msimamizi ni mwandishi wa makala, basi alikuwa pia mwandishi wa sura, na ikirari iliwapotosha watahini. Ikiwa ikirari ilisema kweli, basi jina la msimamizi katika makala linadai kazi asiyoifanya. Kauli hizo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, isipokuwa pawe na kazi mpya iliyofanyika baada ya utetezi: data zilizoongezwa, uchambuzi uliopanuliwa kwa nadharia nyingine, au hoja iliyoandikwa upya na watu wawili. Kazi hiyo ikiwapo, uandishi-wenza ni halali na unastahili kutajwa. Isipokuwapo, kupunguza idadi ya kurasa hakuzalishi mwandishi wa pili.

Miongozo ya kimataifa inaelekea upande huohuo. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo chimbuko lake ni mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver mwaka 1978, inataka kila mwandishi atimize masharti manne kwa pamoja: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika ubunifu wa utafiti au katika data na uchambuzi wake, ameandika au amehakiki rasimu kitaaluma, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuiwajibikia kazi. Kamati hiyo inatamka wazi kwamba usimamizi wa jumla peke yake haumfanyi mtu kuwa mwandishi. Nayo Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani inaelekeza kwamba, isipokuwa kwa sababu za pekee, makala ya waandishi kadhaa iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya tasnifu ya uzamivu imtaje mwanafunzi kuwa mwandishi mkuu. Ikiwa taaluma zilizozoea makala za watu wengi zimeweka mpaka huo, taaluma ya mtafiti mmoja haina sababu ya kuwa na mpaka uliolegea zaidi.

Baadhi ya wanataaluma hujitetea kwa mfumo wa CRediT, wenye majukumu 14 ya uchangiaji, ambamo usimamizi ni mojawapo. Utetezi huo unachanganya mambo mawili. Mfumo huo hueleza nani alifanya nini. Haukubuniwa kuamua nani ni mwandishi.

3. Mtunzi, Mnakili na Mhariri

Upo uwezekano wa kudai kwamba vigezo hivi ni vya kigeni. Dai hilo halisimami mbele ya historia ya maandishi ya Kiswahili. Katika tendi za pwani, beti za mwisho mara nyingi humtaja mtunzi, pengine na nasaba yake, idadi ya beti na tarehe. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, unataja mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Mnakili aliyeuandika upya utendi kwa hati zake alikuwa na nafasi yake mwishoni mwa mswada, na nafasi hiyo haikumpa umiliki wa utungo hata kama bila yeye utungo ungepotea. Utamaduni huu ulijua kuheshimu mchango bila kuuita utunzi.

Mpaka huo ulififia wakati maandishi ya Kiswahili yalipoingia katika taasisi za kitaaluma za Ulaya. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo la Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Velten naye alifundisha huko. Kazi aliyoifanya haikuwa ndogo: alikusanya, alihariri, alitafsiri kwa Kijerumani na kutafuta mchapishaji. Hata hivyo, jina lililokaa mbele ya kitabu lilikuwa lake, na ndilo lililoingia katika rejea za watafiti. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipochapishwa na University of California Press mwaka 1981, Mtoro alitajwa kuwa mwandishi. Ilikuwa imepita miaka 78.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, Mtoro na Velten walikuwa wa taasisi moja. Kilichowatofautisha mbele ya kitabu ni ngazi, si kalamu. Pili, kosa la mstari mmoja wa jina halijirekebishi lenyewe. Kila mtafiti aliyefuata alinakili rejea ya aliyemtangulia, na mwandishi akaendelea kuonekana kama chanzo cha habari katika kitabu alichokiandika. Msimamizi wa leo hayuko katika mazingira ya kikoloni, lakini utaratibu wa ngazi kumeza kalamu ni uleule, na hata matokeo yake katika rejea ni yaleyale.

4. Hoja za Wanaotetea Desturi Hii

Hoja ya kwanza ni kwamba wazo la tasnifu lilitoka kwa msimamizi. Hilo hutokea, na linastahili kuelezwa katika shukurani au katika tanbihi ya makala. Lakini wazo peke yake halitoshi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ilivyo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hulinda kazi iliyotungwa na humpa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi hiyo; hailindi wazo tupu. Aidha, kutoa mawazo ndiyo maana ya kusimamia. Mwalimu anayedai umiliki wa kila wazo alilolitoa darasani atakuwa mwandishi mwenza wa kizazi kizima.

Hoja ya pili ni kwamba jina la msimamizi humsaidia mhitimu asiyejulikana kukubaliwa na jarida. Hoja hii inalituhumu jarida lenyewe. Jarida linalopitisha makala kwa wapitiaji wasiojua jina la mwandishi haliwezi kunufaika na jina hilo katika tathmini. Ikiwa jina linasaidia, basi upitiaji haukuwa wa siri, na tatizo la kurekebishwa ni hilo.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: kusimamia kunachukua miaka na juhudi, na vigezo vya kupanda cheo huthamini makala. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Anayepaswa kuuthamini usimamizi ni chuo, kwa kuupa alama zake katika vigezo hivyo. Mhitimu hawezi kubebeshwa deni la mwajiri wa mwalimu wake. Tena, mhitimu huyo hayuko katika nafasi ya kukataa. Atahitaji barua ya mapendekezo, atahitaji kualikwa kongamanoni, na pengine atatuma maombi ya kazi katika idara ileile. Ridhaa inayotolewa katika hali hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa makubaliano huru.

Haki hii ina upande wa pili. Mhitimu ambaye msimamizi wake ameketi naye baada ya utetezi, wakachambua data mpya na kuandika pamoja, hana ruhusa ya kuchapisha peke yake. Kigezo ni kazi, na kigezo hicho kinawabana wote wawili.

5. Taasisi chini ya Jina

Jina la taasisi lina kazi tofauti na jina la mtu. Linamweleza msomaji utafiti ulifanyika chini ya dhamana ya nani: nani aliomba kibali cha utafiti, nani alitoa barua ya utambulisho, nani anaweza kuulizwa ikiwa data zitatiliwa shaka. Mzungumzaji wa Kipemba au wa Kivumba aliyekubali kurekodiwa alioneshwa barua ya chuo fulani. Makala ikitaja chuo kingine pekee, mzungumzaji huyo, au mjukuu wake, hataweza kufuatilia sauti ile ilikokwenda.

Kwa sababu hiyo, makala inayotokana na tasnifu itaje chuo kilichoisimamia. Mhitimu akihamia kwingine, mwajiri mpya atajwe katika tanbihi kuwa anwani ya sasa. Huu ndio pia mwongozo wa Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani. Mhadhiri msaidizi aliyesoma kwa likizo ya masomo huku akilipwa mshahara na chuo chake anaweza kutaja taasisi zote mbili, kwa kuwa kila moja iligharimia utafiti kwa namna yake. Kinachopingwa ni kuongeza chuo cha tatu kwa sababu kinalipa motisha kwa kila makala, au kukifuta cha kwanza kwa sababu ya ugomvi.

Mhitimu asiye na ajira hutaabika zaidi, kwa kuwa fomu ya jarida humtaka ajaze taasisi. Kwa makala ya tasnifu, jibu analo: ni chuo alichosomea. Kwa utafiti alioufanya baadaye kwa gharama zake, ajitambulishe kuwa mtafiti huru na kutaja mji anakoishi. Mhariri anayeona haya kuchapisha maneno hayo mawili humsukuma mtafiti kuazima jina la taasisi isiyomjua.

6. Hitimisho

Imeoneshwa kwamba ikirari ya tasnifu ni kauli ya ukweli inayoendelea kumfunga mhitimu, msimamizi na jarida. Majarida ya Kiswahili yanaweza kuilinda kwa hatua tatu zisizo na gharama. Mosi, kila makala iliyochotwa katika tasnifu iseme hivyo katika tanbihi ya kwanza, ikitaja anwani ya tasnifu, chuo na mwaka. Pili, pale panapokuwa na mwandishi mwenza ambaye alikuwa msimamizi, waandishi waeleze kwa sentensi mbili ni kazi gani mpya iliyofanyika baada ya utetezi. Tatu, taasisi iliyodhamini utafiti itenganishwe na anwani ya sasa ya mwandishi. Msimamizi ambaye hakuandika atabaki na nafasi yake katika shukurani, na nafasi hiyo ni ya heshima. Kwa wahariri, jukumu ni kuuliza swali kabla ya kuchapa, kwa kuwa baada ya kuchapa rejea huanza kunakiliwa, na kisa cha Mtoro kinaonesha muda ambao masahihisho huweza kuchukua.