Raha ya Kutishwa: Riwaya za Upelelezi na za Vitisho katika Fasihi Yetu

Anayetaka kujua ni vitabu gani vya Kiswahili vinavyopendwa na wanafunzi asiulize. Na aende kwenye kabati la maktaba ya shule atazame majalada. Vitabu vilivyosifiwa sana na wahakiki aghalabu atavikuta vimesimama wima, safi, kama askari wa gwaride. Vya upelelezi, vya ujasusi na vya vitisho atavikuta vimelala kifudifudi, majalada yamebanduka, kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi. Sisi nasi tu miongoni mwa waliovichakaza vitabu hivyo, tangu tulipokuwa sekondari katika miaka ya 1980 hata leo ambapo mvi zimekwisha kutubishia hodi, wala hatuoni haya kulisema jambo hilo mbele ya walimu.

Lakini kukipenda kitu ni jambo moja, na kukipima ni jambo jingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza raha hiyo ya kutishwa inatoka wapi, kisha kupendekeza kipimo cha kupambanua kitabu chema cha aina hiyo na kitabu kibaya. Kipimo chenyewe ni swali moja: tukishafunga kitabu, hofu tuliyoachiwa imeelekezwa kwa nani?

Asili ya hofu katika masimulizi yetu

Wapo wasemao kwamba fasihi ya kutisha tumeletewa na wageni. Maneno hayo yana ukweli nusu. Mpelelezi afumbuaye siri kwa kutazama majivu na nyayo alizaliwa ng'ambo: Edgar Allan Poe wa Marekani alimtanguliza mwaka 1841, na Arthur Conan Doyle wa Uingereza akampa umbo maarufu la Sherlock Holmes kuanzia mwaka 1887. Hofu yenyewe, hata hivyo, ilikuwapo barazani petu zamani sana kabla ya meli ya vitabu kutia nanga.

Ni nani kati yetu asiyeijua hadithi ya msichana aliyesahau kombe lake ufukoni, akarudi peke yake kulitafuta, akakutana na zimwi? Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye mji hata mji. Likipiga ngoma, msichana huimba, na watu hustaajabia ngoma yenye sauti tamu kama ile. Siku ilipofika katika mji wa wazazi wake, mama aliitambua sauti. Mtoto aliokolewa, na ngoma ikajazwa nyuki na nyoka. Watoto waliosikiliza hadithi hiyo usiku walijibana kwa bibi yao, wakafumba macho, kisha wakaomba isimuliwe tena kesho yake. Wakati sauti ya bibi ikiwatisha, mkono wake ulikuwa umewakumbatia. Hapo ndipo ilipo siri ya raha tunayoizungumzia. Hofu ya hadithi ni hofu yenye ukingo. Msikilizaji huionja akiwa mahali salama, na akiisha kuionja hujiona ameongezeka ushujaa.

Tena lugha yetu imejaliwa vyombo vya kazi hiyo. Mwalimu wa sarufi hufundisha kwamba kiambishi -ka- huonyesha tendo lifuatalo tendo. Mtunzi wa taharuki hukitumia kama mpigaji ngoma atumiavyo kirungu: akasimama, akasikiliza, akanyoosha mkono, akausukuma mlango, akaona. Kila kitenzi ni hatua moja gizani, na msomaji hawezi kusimama njiani. Kisha tunayo maneno ambayo mwili huyasikia kabla akili haijayafahamu: giza totoro, kimya cha kaburi, kutoka nduki, mwili kumsisimka mtu. Mwanafunzi anayesoma riwaya ya vitisho hujifunza mapigo ya Kiswahili bila ya kuambiwa kwamba yuko darasani.

Bwana Msa na mwanga wa akili

Mtu wa kwanza kuipa hofu hiyo umbo la riwaya ya Kiswahili iliyokomaa alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja (1918–1991). Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, zote zikimzunguka Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum.

Yafaa tuangalie majina ya vile vitabu viwili vya kwanza. Mzimu ni mahali watu wanapopeleka sadaka na nadhiri. Giningi, kwa imani ya visiwani, ni mahali wanapokusanyika wachawi. Mtunzi ameyachagua kwa makusudi majina yanayomtia mtu wa Unguja na Pemba ubaridi mgongoni. Msomaji huingia akidhani atakutana na pepo. Maiti imeonekana kwenye mzimu, watu wananong'ona, kila mtu amekwisha kumtaja muuaji asiyeweza kukamatwa. Ndipo Bwana Msa hujaza tumbaku katika kiko, akauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na mwisho akatuonyesha kwamba muuaji ni mtu kama sisi, mwenye tamaa au kisasi, aliyejificha nyuma ya imani za watu.

Kuna wahakiki wasemao kwamba huko ni kumwiga Holmes tu. Hatukubaliani nao. Holmes aliishi katika mji ambako watu wengi walikwisha kuzoea kutafuta sababu za mambo kwa njia ya sayansi; Bwana Msa anaishi miongoni mwa watu wanaouogopa mzimu kwa dhati, na kwa hiyo kazi yake ni nzito zaidi. Kila fumbo analolifumbua linamwondolea mhalifu pazia, na linamwondolea mtu asiye na hatia tuhuma. Katika vitabu hivyo hofu hutolewa kwa asiyeonekana, ikaelekezwa kwa mwenye hatia.

Willy Gamba na adui wa nje

Elvis Musiba alikuja na hofu ya aina nyingine. Katika Kufa na Kupona (1974) jasusi Willy Gamba anazisaka nyaraka zilizoibwa zinazohusu vita vya ukombozi. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) anapelekwa Kinshasa kukabiliana na kundi la makaburu linalowaua wapigania uhuru. Mambo hayo hayakuwa ndoto. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994, na maadui wa ukombozi walikuwa na mkono mrefu. Kijana ambaye hakuwahi kusikiliza hotuba moja hadi mwisho alifahamu, kwa kumfuata Willy Gamba usiku kucha, kwamba uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini ulikuwa na gharama, na kwamba sehemu ya gharama hiyo ililipwa katika mitaa aijuayo.

Sifa hiyo haituzuii kusema yaliyo mabaya. Wanawake wengi katika riwaya hizo wameumbwa wazuri mno na wamepewa akili kidogo mno. Hupita mbele ya shujaa kama mapambo ya ukumbi. Tena Willy Gamba huua kwa wepesi, na msomaji hufundishwa kushangilia. Mwalimu asiwafiche wanafunzi kasoro hizo, bali awaache waziseme wao wenyewe.

Ben Mtobwa (1958–2008), kwa mhusika wake Joram Kiango, aliirithi njia hiyo akaisogeza mbele, na katika Dar es Salaam Usiku (1990) aliuonyesha mji wenyewe, pamoja na fedha na njaa yake, kuwa ndio chanzo cha hofu. Baada yake Hussein Tuwa, katika riwaya kama Mkimbizi, amewaonyesha wasomaji wa karne hii kwamba Kiswahili bado kinaweza kumnyima mtu usingizi.

Uchawi: hapa ndipo penye mtihani

Tunafika sasa mahali pagumu. Riwaya ya kijasusi ina adui aliye dhahiri. Riwaya ya uchawi je? Msomaji wa London asomapo habari za wachawi hufunga kitabu akalala, kwa maana huko kwao mahakama za kuwahukumu wachawi zimekuwa historia. Msomaji wetu hana anasa hiyo. Katika mikoa ya kanda ya ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyogeuka rangi kwa moshi wa kuni na samadi katika miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Tangu kati ya miaka ya 2000 tumeshuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa waganga na uroho wa wanunuzi. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Basi mtunzi wa Kiswahili anapomleta mchawi katika hadithi, hachezi na kivuli, anagusa kidonda.

Zipo hadithi za mfululizo, katika magazeti na hata katika simu za mkononi siku hizi, ambazo muundo wake ni huo huo: bibi kizee, nyumba iliyojitenga, paka mweusi, mtoto anayeugua ghafla. Msomaji husisimka, na sisi hatukani kwamba baadhi yake zimetusisimua. Lakini mwisho wake ni kikongwe kuteketezwa na kijiji kucheka. Hadithi kama hiyo ikifungwa, hofu aliyoachiwa kijana imeelekezwa kwa jirani yake mzee asiye na mtetezi. Ustadi wa mtunzi hapo huongeza ubaya, kama makali yanavyoongeza ubaya wa kisu kilicho mkononi mwa mlevi.

Linganisha na Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977). Kijana msomi, Gusto, anarithishwa uchawi na baba yake anayekaribia kufa. Tunaiona kitabu hiki kuwa mojawapo ya riwaya za Kiswahili zitishazo kwa haki. Mchawi hapa si kikongwe wa mbali. Ni mzazi apendwaye, na mrithi ni kijana wa shule, mtu kama msomaji mwenyewe. Swali linalomsumbua msomaji ni hili: urithi wa wazee wangu una mengi mema, nitafanyaje na sehemu yake iliyo na sumu? Hofu imeelekezwa ndani, kwenye nafsi, mahali ambapo mtu anaweza kuishughulikia bila ya kumgusa jirani. Naye Gabriel Ruhumbika, katika Janga Sugu la Wazawa, anatufanya tuione imani ya uchawi kuwa ndiyo janga lenyewe, linalotafuna jamii kizazi baada ya kizazi.

Wafu wanaodai hesabu

Mfano wa juu kabisa, kwa maoni yetu, ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Mzuka wa babu unamtokea mjukuu wake, aitwaye kwa herufi moja tu, K, mtu mwenye cheo na starehe. Vitisho vyote vya hadithi za kale vimo humo: usiku, sauti isiyo na mwili, mfu asiyekubali kulala. Lakini angalieni mzuka huo umemwendea nani. Umeliacha kundi la wanyonge ukamfuata mkubwa, ukamtoa katika raha zake, ukamlazimisha kuitazama hali ya watu wake. Maskini wa riwaya hiyo hawana haja ya kuuogopa mzuka; anayepaswa kutetemeka ni aliyekula cha watu.

Sisi tuliotumikia ofisi za umma tunaisoma riwaya hiyo kwa namna yetu. Tumeona mafaili mengi, na tunajua kwamba ukaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka na waweza kupangiwa hila. Wazee wetu walipoamini kwamba mizimu huwaona walio hai, waliweka mkaguzi asiyepumzika. Mtunzi ameichukua imani hiyo ya kale akaitia kazini upya, na hapo ndipo tunapoona maana ya kuuendeleza utamaduni wa taifa: kurithi umbo la hofu ya wazee na kulielekeza panapostahili.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Hatuna budi, basi, kuacha desturi ya kuwanyang'anya wanafunzi vitabu hivi kana kwamba ni sigara. Kijana aliyekipoteza kitabu cha vitisho kwa mwalimu mkali hakimbilii kitabu cha maana. Aghalabu huacha kusoma. Afadhali mwalimu akisome naye, kisha darasa lijiulize maswali matatu. Kwanza, mtunzi ametutisha kwa njia gani: kwa mpangilio wa matukio, kwa lugha, au kwa damu tupu? Pili, nani ameonyeshwa kuwa wa kuogopwa, naye ana nguvu gani za kujitetea? Tatu, tukitoka nje ya darasa hili tutamtazama nani kwa jicho jipya?

Darasa litakaloyajibu maswali hayo kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kwa Mirathi ya Hatari na kwa Babu Alipofufuka litakuwa limefanya uhakiki wa kweli, na raha yake haitapungua hata chembe. Nao vijana wenye kipaji cha kutunga, ambao tunajua wamo katika kila shule, tunawaomba watutishe. Watunyime usingizi. Ila wakumbuke, wanapomchagua wa kuogopwa, kwamba katika kijiji ambamo kitabu chao kitasomwa kwa sauti yumo bibi mmoja mwenye macho mekundu, anasikiliza.