Sauti Iliyosahauliwa

Wanaojiundia mashine za mkononi za kuchezea michezo ya zamani husifiana kwa kioo na kwa boksi. Mimi huiweka mashine sikioni kwanza. Mara nyingi nasikia mvumo, na juu yake mluzi unaobadilika kila picha inapobadilika.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero, iliyotoka mwaka 2015, haina tundu la spika za masikioni. Kwa hiyo mafundi huitoa sauti kwenye pini za GPIO 18 na 13, ambazo kwa kweli hutoa mapigo ya umeme ya haraka mno. Pasipo rezista na kapasita za kuyalainisha, uchafu wote huingia kwenye amplifaya. Tena amplifaya hiyo (aghalabu PAM8403, kwa kuwa ni rahisi) huunganishwa na kioo kwa waya hasi mmoja, basi kila mshtuko wa umeme wa kioo unageuka sauti. Kipe kila kifaa waya wake hasi hadi kwenye betri, mluzi utapungua. Kuongeza volyumu si dawa.

Hunijibu kwamba hata Game Boy ya 1989 ilivuma. Ni kweli, ilivuma kidogo. Lakini ilikuwa na njia nne tu za sauti, na moja ni ya makelele ya kukusudia: ngoma, milipuko. Mkwaruzo wa waya unapoifunika hiyo, katika Tetris aliyoiandalia muziki Hirokazu Tanaka, nitajuaje kipi ni chake na kipi ni cha betri?