Tone la Maji Juu ya Kioo

Fundi hakuwa na haraka ya kuifungua. Alifunika kikombe chake cha chai ya moto kwa kisahani cha bati, akailaza saa yangu chali juu yake, kisha akarudi kwenye mazungumzo aliyokuwa nayo na fundi cherehani wanayegawana naye baraza. Walikuwa wanazungumzia bei ya korosho. Nilikaa kwenye benchi nikiitazama saa yangu ikipata joto kama kiporo. Baada ya muda alichovya kidole kwenye ndoo ya maji, akadondosha tone moja katikati ya kioo, akaliacha. Dakika ikapita. Akalifuta kwa kipande cha kanga. Juu kioo kilikuwa kikavu; chini yake, palepale lilipokuwa tone, kulibaki duara la ukungu lenye ukubwa wa shilingi.

"Imekunywa," alisema.

Hapo ni Nalasi, wilaya ya Tunduru, upande wa kusini wa mkoa wa Ruvuma, kwenye nchi ya mikorosho inayoteremka kuelekea mto na Msumbiji ng'ambo yake. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa pili kabisa wa mkoa, Mbamba Bay, ambako Ziwa Nyasa huwa jeupe alfajiri na kijani mchana, na kila mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kuandika. Nilipiga mbizi pale saa ikiwa mkononi. Mgongoni imeandikwa mita 50, na mbizi zangu hazijawahi kuzidi mita mbili. Nilijiona niko salama kwa mita 48. Nilipofika Mbinga kioo kilianza kufifia. Songea zile namba zilionekana kama zinasomwa nyuma ya chandarua. Namtumbo, Tunduru mjini, na hatimaye Nalasi kwenye shughuli ya ukoo, nikiwa na saa yenye dira, kipimo cha mwinuko, kipimo cha hewa, saa ya kuhesabu mbele, saa ya kuhesabu nyuma, kengele tano na taa, ila kujua ni saa ngapi ilinibidi niulize watu.

"Shikamoo babu," nilikuwa nimemsalimu. "Saa hii ina kila kitu."

"Marahaba. Ina kila kitu mpaka maji."

Nimewahi kusoma jinsi viwanda vikubwa vinavyopima saa za kuingia majini. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 22810, na kingine kikali zaidi cha saa za wazamiaji, ISO 6425. Ndani yake mna kipimo cha ukungu: saa inawekwa juu ya bamba lililopashwa joto la nyuzi 40 hadi 45, tone la maji baridi linawekwa juu ya kioo kwa kama dakika moja, kioo kinafutwa, kisha mpimaji anatazama kama mvuke umeganda kwa ndani. Hewa yenye unyevu iliyonaswa ndani haina pa kujificha. Ikikutana na kioo kilichopoa hutua na kuonekana. Bamba la mzee wa Nalasi lilikuwa kisahani, na joto lake lilitoka kwenye chai, ambayo baadaye aliinywa. Sikumwuliza kipimo hicho alikipata wapi. Aliniambia tu kwamba ufundi aliuanza enzi za saa za kutia ufunguo, na kwamba saa hizi za namba zilipokuja wenzake wengi waliacha kazi wakisema hazina kitu ndani cha kutengeneza.

Mimi pia niliamini hivyo. Mtu akifungua saa ya mishale huona magurudumu, huona kitu kinahema. Saa ya namba ukiifungua unaona betri na kibati cha kijani. Moyo wake ni kijiwe cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na jicho haliwezi kukiona kikifanya hivyo. Saa ya kwanza ya namna hii kuuzwa, Pulsar ya Hamilton mwaka 1972, iliuzwa dola 2,100 za Marekani, na ilibidi ubonyeze kitufe ndipo namba nyekundu ziwake. Leo zipo juu ya meza za magulio zimepangwa kando ya wembe na betri za tochi. Kitu kikiwa rahisi namna hiyo tunadhani hakina ufundi, kikiharibika tunatupa.

Mzee alibana kilenzi cheusi jichoni, akafungua skrubu nne za mgongoni. Hakuzimwaga kwenye kifuniko cha chupa kama nilivyozoea kuona mijini. Alizipanga juu ya kitambaa cheupe kwa kufuata pembe zilikotoka, kila moja mahali pake, kana kwamba saa nyingine isiyoonekana imelala pale. Mfuniko ulipotoka aliunyanyua taratibu sana, akanionyesha kwa ncha ya kibano spiringi ndogo kuliko punje ya mtama. "Hii ndiyo sauti," alisema. Kipaza mlio kimegandishwa kwenye mfuniko wenyewe, na umeme hukifikia kwa kupitia spiringi ile peke yake. Ikiruka ikaangukia mchangani, saa itaendelea kwenda miaka yote lakini bubu. Nikakumbuka saa ya marehemu baba yangu mdogo, iliyoacha kulia siku ileile ilipobadilishwa betri. Tulisema imezeeka.

Kisha akanionyesha kosa lenyewe. Mpira mwembamba unaozunguka ukingo wa saa, ule unaozuia maji, ulikuwa na kovu mahali pamoja, umekatika nusu. Miezi kadhaa nyuma nilibadilisha betri katika jiji moja ambalo silitaji, kwa kijana aliyeifanya kazi hiyo kwa dakika tano amesimama, akiongea na simu. Hakuurudisha mpira kwenye mfereji wake. Aliubana na mfuniko, akakaza skrubu kwa nguvu, akafuta kioo kikang'aa. Nililipa, nikashukuru. Zile mita 50 zangu ziliisha siku hiyo, nami niliendelea kuzisoma mgongoni kwa imani.

Na ni vizuri kuzielewa mita hizo, maana zinawadanganya wengi. Si kibali cha kushuka mpaka huko. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo kama wa hewa yote iliyo juu yetu, na saa ya mita 50 ni saa ambayo ilipokuwa mpya iliwekwa kwenye mtambo, ikatulia, ikagandamizwa mara tano ya hapo na ikavumilia. Haikuwa imebonyezwa kitufe ndani ya maji. Haikuwa imekaa saa tatu kwenye ukingo wa mtumbwi inachomwa na jua kisha ikatumbukizwa ghafla, hewa ya ndani ikasinyaa na kuvuta chochote kilichokuwa mlangoni. Wala mpira wake haukuwa na miaka saba. Ndiyo maana saa ya mita 30 ni ya mvua na kunawa tu. Ya 50 inaogelea kama mpira wake ni mzima. Ya 100 ndiyo ningempa mtoto wa Mbamba Bay bila kumwambia lolote. Za 200 zenye kiwango cha uzamiaji waachiwe wanaoshuka na mitungi ya hewa Mafia na Mnemba. Na hao wa baharini wana kazi ya ziada ya kuzisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wakitoka.

Mzee alizungusha pamba kwenye njiti ya kiberiti, akachovya spiriti, akasafisha. Alitoa vijiti viwili vya mpira laini vyenye mistari myembamba kama ya punda milia. Kumbe ndivyo vinavyopeleka umeme kutoka kwenye kibati hadi kwenye kioo. Kila namba ya saa imejengwa kwa vijistari saba. Uchafu ukikaa kwenye kijiti, kijistari kimoja hufa, na namba husema uongo bila haya: nane ikipoteza cha katikati inakuwa sifuri, ikipoteza cha juu kulia inakuwa sita. Aliwahi kuletewa saa, akasema, ambayo mwenyewe aliamini inakimbia. Ilikuwa inakwenda sawasawa, ila haikuweza kuandika nane.

Akaacha vitu vyote vikauke kivulini, chini ya joto la bati. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko kazi yote, na wakati huo ndio nilioona wateja wake.

Alikuja kijana anayelinda shamba usiku, maana Tunduru ni njia ya tembo wanaokwenda na kurudi kati ya Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Alitaka saa. Juu ya meza kulikuwa na kubwa zenye vioo vinne na vitufe kama mende aliyelala chali, na kulikuwa na ndogo nyeusi za plastiki za mtindo wa Casio F-91W, ambayo haijabadilika sura tangu ilipotoka mwaka 1989. Kijana alishika kubwa. Mzee hakumpinga. Alimuuliza tu, "Utaivaa wapi?" Na akiwa gizani atataka nini. Taa, alijibu kijana, na kengele ya kumwamsha saa za zamu. Mzee akaibonyeza taa ya ile kubwa ndani ya kiganja alichokikunja. Iliwaka upande mmoja tu. Akabonyeza vitufe vya ile ndogo kimoja kimoja kwa kidole gumba, akisikiliza kama anayegonga nazi. Kwenye Casio halisi ya aina ile ukishikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu, jina la kampuni hujitokeza kwenye kioo. Ile ya mezani haikutoa kitu. "Feki," alisema wazi, "lakini imefungwa vizuri. Lipa bei ya feki." Sijawahi kusikia mwuzaji akisema hivyo.

Swali lile, utaivaa wapi, ndilo ningetamani niulizwe mimi siku niliponunua yangu. Dira yangu huchanganyikiwa nikiegemea pikipiki, na mtu wa Nalasi hahitaji kuambiwa kusini ni wapi. Kipimo cha mwinuko hupima uzito wa hewa, si kilima. Mvua ikikaribia hewa hupungua uzito, na saa hutangaza kwamba kijiji kizima kimepanda mita kadhaa huku watu wamelala. Zipo zinazochora kupwa na kujaa kwa maji. Mvuvi wa Mikindani hutazama mwezi akajua bamvua lini na maji mafu lini. Na zile sehemu za mia za sekunde! Septemba 2025 Alphonce Simbu aliibuka bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wakiandikiwa saa 2:09:48, tofauti yao sekunde 0.03. Kamera ndiyo iliyowatenganisha. Kidole gumba changu kinahitaji muda mara kadhaa ya huo ili kuamua tu kubonyeza.

Hata hivyo sitaki kuwadharau wabunifu. Kikuo Ibe wa Casio alirusha mifano kama 200 kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu kabla ya kutoa G-Shock ya kwanza mwaka 1983, na jibu alilipata alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitu cha ndani kielee, kisiguse ukuta. Lakini naye alikuwa anahangaikia kile anachohangaikia mzee wa Nalasi, yaani ganda. Ndani ya saa kazi ilishamalizwa na kwazi zamani. Kilichobaki ni kuifungia dunia nje.

Mpira mpya aliutoa kwenye kopo la filamu ya kamera, akaulinganisha na wa zamani kwa kuutandaza kwenye ukucha. Akaupaka grisi ya silikoni, kidogo tu, kama mtu anayepaka midomo. Mafuta ya mgando hatumii. Aliulaza kwenye mfereji wake kwa ncha ya mwiba, robo kwa robo. Betri aliishika kwa kibano cha plastiki; imeandikwa CR2016, na kumbe jina lenyewe ni kipimo, milimita 20 kwa upana na 1.6 kwa unene. Akagusisha nukta iliyoandikwa AC na upande wa chanya wa betri ili kuiamsha saa. Spiringi ikarudi kwenye tundu lake. Skrubu alizikaza kwa msalaba, pembe na pembe, kila moja nusu, kisha nusu nyingine.

Chai mpya ikaletwa, kisahani juu, saa juu, tone. Tukasubiri sote, na fundi cherehani akasimamisha mguu wake kwenye pedali. Alipolifuta, kioo kilikuwa safi kabisa.

Saa ilikuwa imeamka ikidai ni usiku wa manane, tarehe mosi Januari. "Nikuwekee ya redio au ya kwetu?" aliuliza. Ya redio ni ile ambayo saa moja asubuhi huandikwa 7:00, na kila siku ya maisha yangu nimekuwa nikiitafsiri kichwani bila kujua kwamba natafsiri. Nikamwambia ya kwetu.

"Basi kuna njia mbili," alisema. Ukiirudisha nyuma saa sita, namba zitakuwa za Kiswahili, lakini tarehe itabadilika asubuhi, watu wakiwa shambani. Yeye huisogeza mbele saa sita. Herufi za PM zitakaa mchana kutwa, nisizijali. Akaweka, akanivisha mwenyewe, akataja bei ambayo niliona aibu kuilipa bila nyongeza.

Ilikuwa Alhamisi. Jioni nilikaa nje ya nyumba ya shangazi nikiitazama, jua likiwa bado juu ya mikorosho. Saa ililia mara mbili, PM zikatoweka, na vile vijistari vikajipanga upya kuandika Ijumaa. Robo saa baadaye muadhini akaanza kuita Magharibi.