Fimbo za Mchangani

Mimi ni mtu wa Iringa, na kwetu kupanda ni jambo la jioni. Unatoka kazini, unapanda jiwe la Gangilonga kwa dakika chache, unakaa juu yake ukitazama mabati ya mji yakibadilika rangi, kisha unashuka giza halijaingia ukale ugali wako. Hakuna wa kukuongoza. Njia inaonekana, na jiwe halihami. Kwa malezi hayo, mara ya kwanza nilipokwenda Ziwa Ngozi, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, niliona kumlipa mtu anitangulie ni kutupa hela.

Tulikuwa watatu. Tulishuka kwenye Costa pale Mchangani, katika barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, tukawapita vijana waliokaa kwenye gogo na fimbo zao, tukawaambia, kwa ule ujeuri wa watu wa mjini, kwamba simu ina ramani. Mmoja wao akaitikia tu, "Haya kaka, karibuni." Wala hakutubishia. Njia ya gari ilitupeleka vizuri, katikati ya mashamba ya viazi na magunia ya lumbesa yaliyokuwa yakisubiri lori. Halafu tukaingia msituni. Ukungu ulishuka ghafla, na vijia vikawa vitatu, kila kimoja kikijifanya ndicho. Tulirudi alasiri tumelowa, tumeanguka mara nisizopenda kuzihesabu, na ziwa hatukuliona. Yule kijana alikuwa bado pale kwenye gogo. Alitutazama miguu, si nyuso. "Poleni sana," akasema. "Viatu hivyo ni vya lami."

Mara ya pili nilimfuata yeye. Haya ninayoyaandika ni ya kuisifu kazi yake, kazi ambayo wengi wetu hatuiiti hata ufundi.

Alianza na fimbo. Alichomoa kadhaa kutoka nyuma ya banda, za mlingoti, zimemenywa gome na kuchongwa ncha, nyingine zimeng'aa kwa viganja vya watu waliotutangulia. Alinisimamisha wima, akajaribu moja, akairudisha, akajaribu ya pili. Ikizidi kiwiko, alinieleza, itakusukuma nyuma. Ikipungua, itakuinamisha, na mtu aliyeinama hachelewi kuchoka. Nikamuuliza kwa nini asikate tu huko juu, miti si ipo tele? Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyeuliza kwa nini tusichome mlango tupate kuni. Msitu ni hifadhi. Milingoti hupandwa pembezoni mwa mashamba, na fimbo ni za kuazima.

Baada ya fimbo, miguu. Ngozi ni volkano iliyobomoka kichwani ikabaki bakuli, na ziwa limekaa ndani ya bakuli hilo. Wanajiolojia wanakadiria kwamba ililipuka mara ya mwisho miaka 500 au 600 hivi iliyopita, mtiririko wa majivu ya moto ukateremka upande wa kusini kwa kilomita kama 10. Ukipita barabara za Rungwe utaona kwenye kingo zilizochimbwa yale mawe mepesi yenye vitundu, ndugu wa jiwe la kusugulia miguu, yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo. Udongo uliotokana na majivu hunywa maji mengi, na huku mvua si ya kuomba. Ukishashiba unakuwa sabuni. Kijana wangu hakunieleza lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Usikanyage mzizi. Kanyaga nyuma yake." Mzizi uliolowa unateleza, lakini nyuma yake, upande wa juu, udongo umezuiwa na kujikusanya ukawa kama ngazi. Nilipolielewa hilo, mteremko niliouona ukuta uligeuka jengo lenye vidato, na nikajiuliza mara ya kwanza macho yangu yalikuwa wapi.

Kwenye mwendo, ndipo nilipomvulia kofia. Katika kundi letu siku hiyo alikuwamo mama mmoja mnene kiasi, mwalimu, aliyekuwa na wasiwasi tangu chini. Kijana alimweka wa pili, nyuma yake tu, nasi wenye kujiona tuna pumzi akatupeleka mkiani. Hivyo mwendo wa msafara mzima ukawa wa mwalimu, bila yeye kujua kwamba anasubiriwa. Hatukupumzika tukiwa hoi. Tulisimama mapema, kila mara kwa sababu fulani: hapa mgomba pori, ona, ndizi zake haziliwi, pale mbega, sikilizeni, mara kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni kama kifaru, mkazi wa milima hii ya Uporoto na Rungwe, ambaye huwezi kumkuta pwani wala Serengeti. Mwalimu alimtazama kinyonga yule kwa muda mrefu, akavuta pumzi, tukaendelea. Siku mbili baadaye, niko kitandani Mbeya na mapaja yananiuma, ndipo nilipotambua kwamba kinyonga alikuwa pumziko.

Jina la kitaalamu la kinyonga huyo limetokana na Fülleborn, daktari Mjerumani wa zama za ukoloni. Sidhani kama alimwona peke yake. Kilimanjaro ina Yohani Lauwo, anayetajwa kuwa alimwongoza Hans Meyer mwaka 1889, lakini huku kusini walioshika fimbo mbele ya wageni hawakuandikwa. Hata kipunji, yule kima aliyeushangaza ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, watafiti walianza kumtafuta kwenye Mlima Rungwe kwa masimulizi ya wawindaji wa vijiji vya hapo. Mwaka 2004 akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu, huko kwetu Iringa, na mimi niliyezaliwa huko nilisoma habari zake gazetini. Wawindaji walikuwa na jina lake siku zote.

Tulifika ukingoni baada ya saa nzima ya mpando mkali. Mbele yetu palikuwa peupe kama shuka. Hakuna ziwa. Mmoja wetu akaanza kulalamika kuhusu nauli. Kijana akaketi, akafungua viazi vya kuchemsha, akasema tusubiri. Kusubiri kwake hakukuwa kwa kukata tamaa. Alikuwa ameelekeza shingo upande mmoja, akiupima upepo kwa ngozi yake. Dakika kama arobaini zilipita. Ghafla shuka likavutwa kutoka upande wa pili, likatokea jicho la kijani, urefu wake kama kilomita mbili na nusu, limezungukwa na kuta za msitu pande zote, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Watu husema lina umbo la ramani ya Afrika. Nami niliiona Afrika hiyo, baada ya kuonyeshwa, ila Pembe ya Somalia sikuipata.

Wazee, kijana alisema kwa sauti ya chini, wanasimulia kwamba ziwa hili lilikuwa kwingine, watu wakalitupia mawe ya moto likahamia hapa. Hakusema anaamini wala haamini. Ila mwenzetu alipotaka kupiga kelele asikie mwangwi, alimgusa bega.

Mwenzetu huyo huyo ndiye aliyetaka kushuka mpaka majini. Ukuta wa ndani ni mkali, unashuka kwa kushika mizizi na kumwomba Mungu, na anayeshusha mgeni hulipwa zaidi. Kijana alitazama viatu vya mwenzetu, akatazama mawingu. "Leo hapana." Yule akaongeza dau. "Leo hapana, kaka." Nimewaona mafundi wa kila aina, wa cherehani, wa magari, wa paa, na wengi nimewapima kwa kile wanachoweza kufanya. Huyu nilimpima kwa hela aliyoiacha pale juu.

Wakati wa kuteremka alikaa chini yetu, si mbele tu, ili atakayeteleza aishie kwake. Mwalimu aliteleza mara mbili, na mara zote mbili akakuta bega.

Serikali imekuwa ikilitazama eneo la Ngozi kwa ajili ya umeme wa jotoardhi, na huenda barabara ya chini itakuja kuwa nzuri. Iwe hivyo, wakulima wa viazi wanaihitaji kuliko sisi. Ile saa ya mwisho haitatiwa lami.

Ukienda, nenda kati ya Juni na Oktoba, uanze asubuhi na mapema. Patana bei mkiwa bado barabarani, usibishane na anayekuongoza mkiwa juu. Akisema tusubiri, kaa chini. Akisema leo hapana, ni hapana. Na fimbo uirudishe.